Mshale wa mafuta uliogoma kwenye gari-nyumba langu la zamani

Mshale ulilala kwenye E hata tangi likiwa limejaa. Kabla ya kushusha tangi, kazi ya kuvunja mgongo, nilichomoa waya wa sensa ya tangi (kifaa kinachopima mafuta yaliyomo), nikawasha swichi ya gari, nikaugusisha waya huo kwenye chasi kwa sekunde chache, mbali na mvuke wa mafuta maana cheche hazina utani. Mshale ukapanda hadi F. Kumbe geji, yaani kipimo chenye huo mshale, ni nzima, na waya wa kwenda dashibodi pia. (Kwenye magari mengine mshale hushuka, muhimu usogee.) Nikapima kwa multimita (kipimo cha umeme) kati ya gamba la chuma la sensa na chasi: umeme haupiti. Waya wa ethi, unaounganisha sensa na chasi, ulikuwa umeliwa na kutu. Nikakwangua chuma kikang'aa, nikafunga mpya. Sensa niliyoishuku tangu mwanzo haikuwa na kosa.