Siku Moja Maishani Mwangu: Nikifuata Saa ya Kiinitete cha Samaki

Saa mbili kamili asubuhi taa za chumba cha samaki huwaka, nami huondoa kizuizi kilichowatenga madume na majike ya samaki pundamilia, samaki wadogo wenye milia, usiku kucha. Ifikapo saa mbili na nusu mayai yamekwisha kutagwa. Nayaweka kwenye kabati la joto la nyuzi 28.5, na kuanzia hapo ratiba yangu katika maabara hii ya Toronto hupangwa na viinitete vyenyewe.

Saa tano na nusu seli za pembezoni huporomoka na kuungana na kiini cha yai, zikiacha mkanda mwembamba wa saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, kuzunguka ukingo. Katika mkanda huo, wala si katika seli za juu, nadunga molekuli inayopunguza Rab5, protini inayosimamia umezaji wa utando, yaani vipande vya utando kuvutwa na kuingizwa ndani. Viinitete vya kulinganishia vinapata molekuli isiyo na kazi.

Chakula cha mchana nakila upesi, kwa kuwa saa saba kasorobo seli zinaanza kutambaa kukifunika kiini cha yai.

Saa nane hadi saa kumi siondoki kwenye hadubini. Majini nimetia rangi ing'aayo isiyoweza kupenya utando, hivyo inayoonekana ndani ni ile iliyomezwa tu. Vitone vyake hujipanga kama pete mbele kidogo ya ukingo wa seli, mahali palepale ambapo Betchaku na Trinkaus, mwaka 1986, walieleza umezaji wa namna hii kwa samaki wa jamii ya Fundulus. Ukingo umeshikamana na utando wa kiini cha yai, na utando haukunjamani ukapotea. Ili seli zisonge, eneo lililo mbele yao lazima lipungue, yaani limezwe. Wanafunzi wapya huuliza kama kinachovuta seli ni pete ya aktini na mayosini, protini zinazojikaza kama misuli, au ni umezaji, swali ambalo kwangu halijakaa sawa: pete inayovuta pasipo umezaji ni sawa na wavuvi wanaovuta juya bila pa kukusanyia kamba zake za kuvutia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni viinitete vya kulinganishia vimefunika kiini cha yai chote. Vilivyopungukiwa Rab5 vingali na uwazi mpana chini. Naupima uwazi huo, kisha navitia vyote kwenye formalini, tayari kwa kupakwa rangi ya aktini kesho.