Siku moja ya mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata

Saa 12:45 asubuhi. Wiki hii zamu si yangu, kwa hiyo usafi na mstarini namwachia mwenzangu, mimi nakaa na andalio la somo. Andalio lenyewe wanalikagua mkuu wa shule na wadhibiti ubora. Kinachonibeba darasani ni kijikaratasi kilichomo ndani yake: maswali ya siku, kila moja limekokotolewa kwa mkono mpaka tarakimu ya mwisho. Mwalimu anayepanda ubaoni na swali ambalo hajalifanya atakwama mstari wa nne, mbele ya watoto 60, na wao hawasahau.

Saa 2:00, Kidato cha Kwanza, namba hasi. Mstari wa namba unachorwa sakafuni kwa chaki na mtoto anautembea: kutoka -3, hatua 5 kushoto. Dakika 40 zimekwisha.

Saa 2:40, Kidato cha Nne, vipindi viwili mfululizo, marudio ya logi (logarithimu). Hapa jasho linatoka. Mtihani wa taifa wa hesabu kidato hiki hauruhusu kikokotoo, kwa hiyo silaha ni majedwali ya tarakimu nne, na dawati moja linagombania kitabu kimoja ambacho ukurasa wa antilogi, wa kurudisha logi kuwa namba, umechanika. Swali ubaoni: kipeuo cha tatu cha 0.0347.

Kabla ya kufungua jedwali nawataka wakadirie. 0.3 mara 0.3 mara 0.3 ni 0.027, na 0.4 hivyo hivyo ni 0.064, basi jibu liko kati ya 0.3 na 0.4. Wengi wanaiona hatua hii kama kupoteza muda, tena wanasema. Halafu tunaingia: safu ya 34, safuwima ya 7, tunasoma 5403. Namba ina sifuri moja baada ya nukta, kwa hiyo sehemu nzima ya logi ni -2, nayo huandikwa 2 yenye kistari juu. Kistari kinafunika 2 peke yake, ile 0.5403 ni chanya.

Sasa kugawa kwa 3. "Mwalimu, nimepata 7.028." Nyuma kuna mwingine, 7.028. Dirishani, 7.028. Wote wamegawa 2.5403 kwa 3 wakapata 0.8468, wakaitafuta kwenye antilogi, wala hawakujiuliza namba iliyo chini ya 1 inawezaje kuwa na kipeuo cha 7. Nafuta ubao. -2 haigawanyiki kwa 3, basi tunaikopesha: -3 jumlisha 1.5403, thamani ni ile ile. Gawa kila upande: -1 na 0.5134. Antilogi ya 0.5134 ni 3.261, na ile -1 inairudisha nukta: 0.3261. Nimelieleza kwa Kiswahili, nimeliandika kwa Kiingereza kwa sababu karatasi ya mtihani iko hivyo, kisha nimelirudia na kipeuo cha pili. Bado kuna mkono juu. "Mwalimu, hiyo moja imetoka wapi?" Swali zuri, ila sauti imeshaanza kukauka. Tunaanza tena kutoka -2.

Chai, andazi.

Ofisini yupo mwanachuo wa BTP (mazoezi ya kufundisha) anayetaka kujua njia ya kazi hii. Kidato cha Sita chenye hesabu: PCM (fizikia, kemia, hesabu), PGM (fizikia, jiografia, hesabu) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu). Kisha shahada ya ualimu, miaka 3, na masomo mawili ya kufundishia, mara nyingi hesabu na fizikia au jiografia. Wa stashahada huingia kazini daraja la mshahara wa walimu serikalini TGTS C, wa shahada D. Baada ya chuo ni kuomba kwenye mfumo wa ajira na kusubiri; wengi wanasubiri huku wakifundisha shule binafsi au wakijitolea. Jana alipofundisha nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama. Hesabu anaijua, lakini anaongea akiwa ameugeukia ubao na anauliza "tumeelewana?", swali ambalo darasa zima hujibu ndiyo. Nimemwambia awape swali moja, azunguke kwenye madawati akiwa kimya, asome wanachoandika.

Mchana vipindi viwili zaidi, trigonometria, joto la bati. Kosa la kudumu: kwenye jedwali la cos wanajumlisha tofauti ya dakika (vipande vya digrii) kama walivyofanya kwenye sin, ilhali cos hupungua pembe ikikua, kwa hiyo hutolewa. Mzazi amekuja kuuliza kwa nini kijana wake ana F wakati "tuisheni analipiwa". F ni chini ya 30, D inaanza 30. Nikamfungulia daftari: majibu yapo, njia haipo. Karatasi ya taifa ina maswali 10 ya alama 6 na manne ya alama 10, na alama nyingi humo ni za hatua. Hakufurahi.

Baada ya hapo rimedio, yaani masomo ya ziada, na kusahihisha. Daftari likisomwa sawasawa hula dakika 3, darasa la 60 ni saa 3, na hizo hazimo kwenye ratiba yoyote. Sipigi vema na mkasi tu. Natenga mafungu matatu: waliogawa vibaya sehemu hasi, waliokosea kusoma jedwali, na waliokosa nukta. Fungu la pili wanahitaji rula ya kuwekea chini ya safu. La tatu warudi kwenye makadirio. La kwanza ndilo kubwa, nalo ndilo litakalopangia kipindi cha kesho.

Swali la kwanza kesho: kipeuo cha pili cha 0.00528, vitabu vimefungwa mpaka kila mmoja aandike kwamba jibu liko kati ya 0.07 na 0.08. Ndipo logi yake, -3 na 0.7226, igeuzwe -4 na 1.7226. Jibu kwenye kijikaratasi: 0.07266.