Nipe Mji

Karatasi ilikuja ndani ya begi la shule, imekunjwa mara nne, ina picha ya boga lenye meno. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, ndiye aliyenisomea, maana Kiingereza chake kilikuwa kimeshaniacha mbali. Tarehe 30 Oktoba, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, watoto watapita nyumba kwa nyumba kupewa pipi. Nikamuuliza usiku huo unaitwaje. Akafikiri kidogo, akitafuta neno. "Mama, ni Usiku wa Ombaomba."

Nikamwambia hatuendi.

Asiyewahi kuishi kambini hatanielewa upesi. Mwaka 1996 niliingia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, mkoani Kigoma, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama amenishika mkono tukitokea Uvira, Kongo. Nilipotoka nilikuwa nimeolewa na nina watoto wawili. Katikati hapo ni foleni. Unga, mbaazi, mafuta, chumvi, kisha unasubiri mgao mwingine. Sasa tumefika Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, nafanya kazi ya usiku ghalani, kodi ya nyumba nalipa kwa mgongo wangu, halafu nimpe mwanangu mfuko akaombe? Kanisani pia mzee mmoja alikuwa ameshatuonya kwamba Halloween, ile ya tarehe 31 Oktoba watu wanapojigeuza kwa mavazi, ni sikukuu ya mashetani. Baba yao nilimpa sababu ya mzee. Ya foleni nilibaki nayo mwenyewe.

Aliyenigeuza ni jirani yetu, mzungu mjane wa miaka sabini na kitu. Watoto walimwita Bibi, naye akaitika. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na lundo la mboji alilolizungushia mbao, humo anatupia maganda ya mayai, majani makavu na machicha ya kahawa. Jumamosi moja alikuja amepakata boga kubwa kama ngoma. Nikashukuru kwa mikono miwili, kichwani nikipiga hesabu ya chakula cha siku tatu. Bibi akaketi kwenye ngazi zetu, akatoa kisu, akaanza kulitoboa macho.

"Mama," mdogo wao wa kiume akanong'ona, "anaharibu boga."

Tulifikia makubaliano, binti akitafsiri: uso ni wa Bibi, nyama na mbegu ni zangu. Kwa kweli nyama ilinivunja moyo. Maboga yao ya kuchonga ni majimaji, yana nyuzi tupu, hayafikii hata robo ya boga la kwetu, la unga, linalokaba koo mpaka ushushe na maji. Niliipika na karanga za kusaga ikapitika. Mbegu nilizikaanga na chumvi kwenye kikaango kikavu, Bibi akala kiganja kizima, akakinga kiganja cha pili. Alisema boga likitupwa jaani, likafukiwa chini ya takataka, huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo huzidisha joto la dunia. Ndiyo maana yake yote huyapeleka kwenye mboji. Mimi sikuhitaji methani kujua kwamba kutupa boga ni dhambi, lakini nilitikisa kichwa kwa heshima.

Kisha akaniambia jambo ambalo karatasi ya shule haikulisema. Huku Des Moines mtoto hapewi pipi bure. Lazima kwanza aseme kichekesho au fumbo, mwenye nyumba acheke au ashindwe kujibu, ndipo apewe. Desturi hiyo ilianza baada ya fujo za vijana kwenye Halloween ya mwaka 1938. Mji ukaamua watoto watafanyiwa usiku wao, tena siku moja kabla, wapite kwa adabu na walipie pipi kwa maneno.

"Fumbo?" nikamuuliza binti. "Kama kitendawili?"

"Kama kitendawili, Mama."

Nikakaa kimya. Nikakumbuka giza la Nyarugusu, koroboi moja ya kopo la mafuta, mama yangu anatega na sisi tunategua. Hakuna aliyekuwa akiomba pale.

Ilibaki nguo ya kujigeuza. Dukani niliziona zimetundikwa, malkia, popo, mifupa, kila moja dola zaidi ya ishirini, poliesta nyepesi kama karatasi. Zaidi ya hayo, Iowa mwisho wa Oktoba baridi inauma. Mtoto akivaa malkia wake, juu yake utamvalisha koti, na malkia haonekani tena. Nikasema sisi tutashona kitu cha kuvaa juu ya koti.

Binti akachagua kanga. Ndege, si nguo. Hakuwahi kumwona, ila nilikuwa nimemsimulia. Baba yao akatoa fulana yake kuukuu nyeusi, pana kama hema. Mifuko ya khaki ya dukani tukaikata vipande vyenye umbo la unyoya, tukavipaka rangi nyeusi. Gundi nilipika mwenyewe, unga wa ngano na maji, unakoroga motoni mpaka iwe kama uji mzito unaong'aa. Ndiyo hiyohiyo tuliyogundishia tiara tulipokuwa wadogo. Kazi iliyotula ni madoa. Bibi alikuwa na rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo tangu alipopaka uzio. Binti akachovya kizibo cha kalamu, akagonga, akachovya, akagonga, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, doa kwa doa, kuanzia mabega mpaka pindo. Jioni mbili nzima. Alipomaliza alikuwa na madoa mpaka kwenye nyusi. Kichwani kofia ya sufu, juu yake kipembe cha boksi, na chini ya kidevu vipande viwili vyekundu vya kitenge changu.

Mdogo wake alikuwa lori. Boksi la kazini, kamba mbili begani, basi. Halikufika nyumba ya tano: lilinasa kwenye ngazi za watu likakunjika, akaliacha pale akaendelea kwa miguu bila huzuni yoyote. (Nilirudi kesho yake kuliokota.) Mfuko wake wa pipi aliuchagua mwenyewe kabatini bila kuniuliza. Ulikuwa ule mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye herufi za buluu, tuliobebea makaratasi yetu kwenye ndege. Nilitaka kumnyang'anya. Nikauacha.

Unakwenda tu penye taa inayowaka kibarazani. Nyumba ya kwanza alifungua mwanamume mwenye ndevu. Binti akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza: nyumba yangu haina mlango. Mwanamume akajaribu: hema? pango? kaburi? Akainua mikono.

"Basi nipe mji," binti akasema.

Hakuelewa. Binti akamweleza, mikono kiunoni kama mwalimu, kwamba kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji. Mwanamume akacheka mpaka mkewe akaja kuangalia. Akampa Chicago.

"Nimekwenda Chicago, nimekula kuku mzima, nimelala kwenye ghorofa. Jibu ni yai!"

Alipewa pipi mara mbili. Baada ya hapo sikumdhibiti tena. Alipewa Omaha, akapewa Cedar Rapids, akapewa Paris na msichana aliyevaa kama mchawi. Mzee mmoja alisema pipi achukue apendavyo, lakini Des Moines haitoi. Wengi walimsifia vazi: kuku mzuri, bata mzinga mzuri, bundi mzuri. Alipofika kwa Bibi, mama wa watu akashika kifua, akatoa sauti kali ya kukwaruza, ileile ya kanga akiona mgeni. Kumbe baba yake aliwafuga shambani, ili wale kupe na kubweka kuliko mbwa. Wakasimama pale mlangoni, wote wawili, wakikwaruza.

Usiku mdogo wao alimwaga pipi sakafuni akahesabu. Dada yake alikuwa kitandani, anahesabu miji kwa vidole.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Babu anacheka usiku kucha, kesho wadudu watamla."

Kupitia dirishani niliona boga kwenye ngazi, mshumaa wake unakaribia kuisha, na nyuma ya uzio lundo la mboji la Bibi. Jibu nililijua.

"Nimeshindwa," nikasema. "Nakupa Uvira."

Akanyamaza kidogo. Mji huo hajawahi kuukanyaga.

"Nimekwenda Uvira," akasema polepole, "nimekula ndagala... nimeoga ziwani... Mama, huko kuna nini tena?"