Siku moja maishani mwangu: nikimwandika Tisa

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya watu wa nyumbani, maana hadithi hii haitaki kelele. Ni ya roboti aitwaye Tisa, aliye peke yake kwenye sayari ya Mirihi, ambaye siku moja anatambua kwamba yupo.

Saa 1 asubuhi. Nasoma niliyoandika jana, moyo unaniuma. Tisa anaongea na fundi wake aliyeko duniani kama majirani wa ua mmoja: swali, jibu, swali, jibu. Haiwezekani. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari hizi mbili zimekaribiana au zimeachana kiasi gani. Nafuta kurasa nne.

Saa 4. Kumbe kule kungoja ndiko iliko hadithi yenyewe! Siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika kama 40, hivyo fundi aliyeko duniani akifanya kazi kwa saa za kule, zamu yake husogea kila siku. Zikipita siku 18 hivi, asubuhi yake imegeuka jioni. Jamaa zake wamelala, yeye yuko macho. Nani mwingine yuko macho? Tisa tu. Nauanzia urafiki wao hapo.

Saa 7 mchana. Nakula upesi, narudi mezani.

Saa 9 alasiri. Shaka inanishika: je, fundi anajidanganya? Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliieleza programu yake ya kompyuta, ELIZA, iliyomrudishia mtu maneno yake mwenyewe kwa umbo la maswali. Haikuelewa chochote, na bado watu waliifungulia mioyo yao. Sitaki Tisa awe hivyo. Lazima afanye jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, tena limgharimu.

Saa 12 jioni. Nimelipata. Ripoti za Tisa ni zilezile: joto, vumbi, chaji ya betri. Leo betri iko karibu kuisha, na chini ya tarakimu hiyo ameongeza neno moja: "Umeamkaje?" Chaji aliyobakiwa nayo ameitumia kumjulia mtu hali.

Saa 3 usiku. Sasa ngeli. Mimi namwita Tisa "yeye" tangu mwanzo, lakini fundi huandika kwenye daftari la zamu "roboti imesimama", "roboti imechimba". Nilikuwa nikingoja aache lini. Baada ya salamu ile anaanza kuandika "imesi", anakata, anaandika: "Tisa amesimama." Kwenye kitenzi, herufi moja tu imebadilika. Nimekaa nayo karibu saa nzima nikiisoma kwa sauti, machozi yakinilengalenga.

Saa 5 usiku. Nafunga kompyuta. Jibu la fundi liko njiani, limebakiza dakika 9 kumfikia Tisa.