Siku ya posho

Leo Jumamosi, bazee wa hapa Lubumbashi banaita siku ya posho, na mimi nimekua nikisema hivyo tangu utoto bila kujiuliza. Poso moja, poso mbili, tutaonana poso yenye kuja. Wiki nzima tunaiita kwa jina la chakula. Asubuhi nilikuwa uani na mama, yeye anapima unga na meka, kopo la kupimia, mbabula, jiko letu la makaa, inafuka moshi sababu umeme ilikatika toka jana, njo nikamuuliza tu: mama, posho ni nini hasa? Akaniangalia kama mtu mwenye ameulizwa maji ni nini. "Ni chakula cha kugawiwa, mwanangu. Kambo yako, baba yangu, alikuwa soda, askari, anapanga mustari kila Jumamosi na gunia yake. Na ku Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa vilevile." Akaendelea kupima.

Siku nzima hiyo maneno haijanitoka kichwani.

Kambo alikuwa soda wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji huku Congo wakati wa ukoloni. Mwaka 1941 walimpeleka Abyssinia, Ethiopia ya leo, kupiga vita na Waitaliano. Mambo yenyewe nimeyasoma baadaye: Asosa na Gambela zilianguka mwezi wa tatu, na tarehe 3 mwezi wa saba huko Saïo jenerali Gazzera akaomba kusalimu amri mbele ya jenerali Gilliaert, na majenerali wengine wa Kiitaliano pamoja naye. Ushindi mkubwa, Wabelgiji walijengea na minara. Lakini Kambo hakunihadithia hata risasi moja. Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipokufa, na yote nayoikumbuka kwa mdomo wake kuhusu Saïo ni mvua, na chumvi. Alikuwa anasema, "Chumvi ilitwishia." Basi. Anasema vile, ananyamaza, anakula bukari yake, ugali, polepole, mkono wa kushoto umezunguka sahani kama mtu atamnyang'anya.

Ukiangalia ramani unaelewa. Chakula kilitoka huku Congo, kikaenda kwa malori mpaka Juba, toka Juba mashua kwenye Nile, halafu kutoka Gambela kupanda milima mpaka Saïo, na mvua ilipoanza barabara ikawa matope tu. Basoda walikaa miezi mbele ya Waitaliano posho imepunguzwa, wagonjwa wanaongezeka. Kwa mnara wanaandika Saïo 1941. Kambo yeye angeandika chumvi.

Toka hapo nikaanza kutafuta, usiku mzima ku telefone mpaka betri inakaribia kufa, basoda wa zamani walikuwa wanakula nini. Wa Roma nilifikiri walikuwa wanakula nyama kama mafahali kumbe hapana, ni ngano. Karibu kilo moja kwa siku kwa mtu, na walikuwa hawapewi mkate, wanapewa nafaka yenyewe. Watu wanane walikuwa wanalala hema moja na jiwe moja la kusagia, na nyumbu mmoja wa kubeba. Mtu ametembea na mzigo mgongoni toka alfajiri, amechimba handaki kuzunguka kambi, halafu jioni anakaa anasaga ngano kwa mkono ili apate kitu ya kula. Na kinywaji ni maji yametiwa siki. Naona mtu wa hapa Kampemba anarudi toka kazini saa kumi na mbili jioni amechoka, anakuta makala, makaa ya kupikia, hakuna na unga haijasagwa. Ni uchovu ule ule.

Vita ya kwanza ya dunia, Wafaransa kwenye mahandaki walikuwa wanaita nyama ya kopo "singe", maana yake nyani! Ilikuwa ng'ombe, lakini ukila kitu hiyo hiyo kila siku bila kuona imetoka wapi, utaipa jina. Supu yao ilipikwa nyuma, mbali na mizinga, na kulikuwa na watu wa kutumwa usiku kuibeba ndani ya ndoo na makopo, wanapita kwenye matope, wengine wanapigwa njiani, na ikifika imekuwa baridi. Hiyo imenigusa sana, mtu kufa sababu ya kubeba supu.

Halafu kuna Wajapani. Vita yao na Warusi, 1904 na 1905, serikali iliwapa basoda wali mweupe, uliokobolewa vizuri kabisa, maana vijijini kwao watu wengi walikuwa hawaupati, ilikuwa heshima. Na ule wali mweupe njo ukawaua. Beriberi ilichukua kama watu 27,000 wa jeshi lao, miguu inavimba, moyo unashindwa, kwa sababu kile cha kulinda mwili kilibaki kwenye pumba. Na kinachouma, jeshi la majini lilikuwa limeshajua, daktari Takaki alikuwa amewachanganyia shayiri toka miaka ya 1880 na ugonjwa ukaisha, lakini madaktari wa jeshi la nchi kavu hawakutaka kusikia, walikuwa wanatafuta mdudu. Nimemsomea mama hiyo habari kwa sauti. Akaangalia unga yake nyeupe pee, yenye tunachagua kila mara sokoni tukiona ile ya pumba ni ya masikini, hakusema kitu.

Lakini chenye kinanilaza macho ni Tabora, Tanzania ya leo. 1916 Force Publique ya jenerali Tombeur ilienda kupiga Wajerumani, ilitoka upande wa Kivu, ikapita Rwanda, Kigali mwezi wa tano, mpaka Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa. Sehemu kubwa ya njia hakuna reli, lori karibu hakuna, na ng'ombe na farasi ndorobo inawaua. Kwa hiyo ni vichwa vya watu. Wapagazi zaidi ya laki mbili walichukuliwa kwa upande wa Wabelgiji peke yake. Zamani kwenye misafara posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama gramu 700. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Mtu anabeba kilo 25 za unga. Akila kibaba chake, siku ya 35 mzigo umeisha, amekula alichobeba. Na kama anapaswa kurudi, basi siku ya 17 lazima ageuke, na hapo hajamwachia soda hata kijiko kimoja. Kwa hiyo ili soda ale, mpagazi alipaswa kula kidogo. Hakuna njia nyingine, hesabu haikubali. Alikuwa anabeba chakula kichwani na njaa tumboni, wengi wakafa kwa kuhara na baridi ya milima, na majina yao hakuna aliyeandika. Dar es Salaam kuna soko na mtaa mzima unaitwa Kariakoo, ni hao, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Sisi huku hata mtaa hatuna, ninavyoijua Lubumbashi yangu.

Na wanawake. Kambi za Force Publique zilikuwa na wake wa basoda, ndio walikuwa wanatwanga, wanachota maji, wanatafuta kuni. Hata maaskari wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, wale wa kamanda Lettow-Vorbeck, walitembea vita yote na wake zao na watoto nyuma, wanazaliwa njiani, wanapika mafuta ya kiboko, mpaka alipoweka silaha chini Abercorn mwezi wa kumi na moja 1918, Mbala ya leo, kwa jirani zetu wa Zambia. Mama mzaa mama aliishi kambini miaka kadhaa. Nilimjua akiwa mzee, mikono migumu kama mbao. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa namuuliza Kambo tu, kwa sababu Kambo njo alikuwa na kofia.

Jioni nimerudi kwa mama na swali lingine: posho ya Kambo ikifika nyumbani, nani alikuwa anaigawa? "Mama yangu. Anagawa saba. Siku ya sita inakuwa kidogo, siku ya saba tunakula majani ya viazi." Akacheka kidogo. "Ile Jumamosi asubuhi, mwanangu, tulikuwa tunaamka mbele ya jogoo."

Gamele ya Kambo, chombo chake cha kulia cha jeshi, bado iko jikoni, ile ya aluminium yenye mdomo umepinda, mama anawekea chumvi. Nimeifungua sasa hivi kabla ya kuandika. Imebaki chini ya nusu. Kesho asubuhi naenda soko, meka mbili za unga, chumvi pakiti mbili, na kama naipata, ile unga ya pumba.