Jinsi Nilivyojifunza Kusafirisha Santuri za Marehemu Baba Kutoka Mbeya Bila Kuvunjika

Santuri ya kwanza niliyouza kwenye mnada wa mtandaoni ilifika Hamburg, Ujerumani, ikiwa vipande vitatu. Mnunuzi alinitumia picha: boksi langu limefunguliwa, maranda yamemwagika mezani, na katikati yake ile sahani nyeusi imepasuka kuanzia kwenye tundu la katikati hadi ukingoni. Hakunitukana wala hakudai fidia zaidi ya kiasi alicholipa. Aliandika tu kwamba alikuwa ameitafuta sahani hiyo kwa miaka mingi. Nilimrudishia fedha zake zote siku hiyo hiyo, lakini maneno yake yaliniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu santuri ya aina ile ikivunjika huwezi kwenda dukani kununua nyingine.

Marehemu baba alikuwa fundi wa redio na gramafoni hapa Mbeya, eneo la Uhindini, na wateja wengi walioshindwa kulipa ufundi walimwachia santuri. Alipofariki tulikuta masanduku mawili ya bati yaliyojaa. Nyingi zilikuwa zile ndogo za plastiki za mwendo wa 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, za bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, na chini kabisa zilikuwepo sahani nzito za mwendo wa 78. Tulikubaliana mimi na ndugu zangu kwamba kila santuri tuliyo nayo nakala moja tu ibaki nyumbani, na zile zilizojirudia ziuzwe kwa watu wanaozithamini. Habari za kupiga picha, kupanga bei ya kuanzia na kupokea malipo sitazieleza hapa, kwani hazikunitesa. Kilichonitesa ni safari.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini zile za 78 ni ngumu. Hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu wadogo wanaopatikana sana India, uliochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilitiwa kwenye sahani za namna hiyo. Sahani moja ina upana wa sentimita 25 na uzito wa karibu gramu 200, na ukiishika unadhani ni kitu imara. Kumbe haivumilii kupindwa hata kidogo: inakwenda kama sahani ya udongo, kwa mpasuko mmoja. Santuri ya plastiki ya mwendo wa 45 huweza kuangushwa sakafuni isipate jeraha, ila yenyewe adui yake ni jua, kwani ikisahauliwa kwenye kioo cha mbele cha gari mchana kutwa hupinda kama chapati.

Kosa langu lilikuwa maranda. Mbao za misonobari kutoka Mafinga na Sao Hill zinarandwa kila siku kwa mafundi seremala wa huku kwetu, na maranda hupewa bure. Nililijaza boksi mpaka juu, nikaizika sahani katikati, nikafunga nikiwa na imani kamili. Sikufikiria kwamba kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, pamoja na kona za mteremko wa Kitonga na matuta ya hifadhi ya Mikumi, na kwamba kitu chochote kilicholegea hujishindilia chini kadiri gari linavyotikisika. Maranda yalishuka, juu pakabaki wazi, na sahani ikateleza hadi ukutani mwa boksi. Kuanzia hapo kila pigo lililolipata boksi lilikuwa linaipata na sahani.

Jambo hilo nililielewa vizuri Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilipokwenda kumsalimia shangazi. Jumamosi moja niliwakuta akina mama wa Kikisi wakipakia vyungu kwenye gari la mizigo. Nilimwamkia mmoja wao, mtu mzima, nikamuuliza vinafikaje salama na barabara ilivyo. Akanijibu huku mikono yake ikiendelea kufanya kazi: "Barabara haina neno, mwanangu. Vinavunjana vyenyewe kwa vyenyewe vikigusana." Alikuwa akisokota majani makavu kuwa ngata, anaikandamiza kwa kiganja katikati ya chungu na chungu, kisha anatikisa chungu cha juu kwa vidole viwili. Kikicheza, anaongeza majani. Kisipocheza, anahamia kingine. Nilisimama pale kama nusu saa nikimtazama. Niliporudi nyumbani nilikuwa na maswali mawili tu ya kuliuliza kila boksi: je, sahani inaweza kusogea, na je, ikipigwa kutoka nje, pigo litaifikia?

Tangu hapo ninafunga hivi. Sahani huingia kwanza kwenye mfuko mpya wa karatasi laini. Kisha nakata vipande viwili vya boksi gumu, kila kimoja sentimita 28 kwa 28, na hapa kuna siri ndogo yenye faida kubwa: boksi la kawaida lina mistari ya mawimbi ndani yake, na linapinda kirahisi kwa kufuata mistari hiyo. Kipande kimoja nakilaza mistari ikienda juu na chini, cha pili ikienda kulia na kushoto, hivyo vikiungana havipindi upande wowote. Sahani hulala katikati, na pembeni mwake nabandika vipande vyembamba vya boksi ili isiteleze kufikia ukingo. Selotepu huishia kwenye boksi tu na haigusi karatasi ya sahani wala lebo yake, kwa maana gundi ikishika lebo ya zamani ndiyo imeiharibu. Furushi hilo huingia kwenye boksi la ndani lenye kina cha sentimita 4, na boksi la ndani huingia kwenye boksi la nje likiwa limezungukwa na sponji ya unene wa sentimita 5 kila upande. Sponji nanunua mabaki kwa wauza magodoro. Ni bei nafuu, na tofauti na maranda, haishuki ikitikiswa.

Vipimo hivyo havikuja kwa bahati. Boksi langu la kwanza la namna hii lilikuwa la sentimita 42 kwa 42 kwa 16, nami nikajivunia. Nilipolipeleka kwa kampuni moja ya usafirishaji wa haraka, walipima uzito nikaona kilo moja na nusu, kisha wakaniandikia bei ya kilo zaidi ya tano. Nilidhani wamekosea. Kumbe wasafirishaji wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, na uzito unaopatikana ukizidi ule wa mizani ndio unaolipiwa. Nikageukia Posta, ambako kifurushi kidogo hulipiwa kwa uzito wake halisi, lakini nako kuna mipaka ya kimataifa: kisizidi kilo 2, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90. Boksi langu lilikuwa 100. Usiku ule nilikaa mezani na rula na wembe, nikipunguza kila mahali pasipohitaji ukubwa ila nikikataa kugusa zile sentimita 5 za sponji, hadi nikafika 38 kwa 38 kwa 14. Jumla yake ni 90 kamili. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeweza kuielewa furaha niliyoipata kwa hesabu hiyo.

Kabla ya kuandika anwani nalijaribu boksi. Nalitikisa sikioni, na nikisikia chochote, nafungua upya. Kisha naliachia kutoka usawa wa kiuno lidondokee kona yake, mara tatu kwa kona tofauti. Mke wangu mwanzoni alifumba macho kila nilipofanya hivyo, lakini mimi naona ni afadhali livunjike sebuleni kwangu, ambapo bado nina nafasi ya kumwomba radhi mnunuzi kabla hajaanza kusubiri.

Santuri za 45 hazihitaji yote hayo. Boksi moja bapa lenye vipande vya kadibodi ngumu juu na chini hutosha, ila iko kanuni moja ambayo wakusanyaji huishika sana, nami niliijua baada ya mmoja kunilalamikia kwa upole. Kama santuri ina jalada la picha, isisafirishwe ikiwa ndani ya jalada hilo. Mtikisiko huifanya ikate mshono wa jalada kama kisu, na jalada lililochanika hupunguza thamani hata kama muziki hauna doa. Naitoa, naiweka kwenye mfuko wake mweupe, halafu navilaza viwili hivyo sambamba.

Mvua za huku nazo hazina mzaha. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Mbeya ina unyevu, na Tukuyu ndiyo usiseme. Sifungi santuri siku ya mvua kubwa, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ya nailoni hubaki humo wiki kadhaa na kuota ukungu kwenye karatasi. Nasubiri siku kavu, ndipo boksi la ndani nalivisha nailoni nzima. Na maboksi yenyewe nachagua. Yale ya parachichi na ya mayai, ambayo yamejaa masokoni, siyatumii tena, kwani mnunuzi wa Melbourne alinitahadharisha mapema kwamba Australia huzuia vifurushi vilivyofungwa kwa maboksi ya matunda, trei za mayai au majani makavu, kwa kuogopa wadudu na magonjwa ya mimea.

Hati ya forodha, ambayo kwa kifurushi kidogo huitwa CN 22, naijaza kwa maneno kamili: santuri ya gramafoni iliyotumika, idadi, uzito na bei ileile aliyolipa mnunuzi. Wapo walioniomba niandike bei ya chini au niandike zawadi. Nimekataa kila mara, kwa sababu ni uongo mbele ya sheria, na kikipotea kifurushi, fidia haiwezi kuzidi bei niliyoitaja mwenyewe. Badala yake naeleza gharama mapema kwenye tangazo la mnada. Tangu tarehe 1 Julai 2021, nchi za Umoja wa Ulaya zinatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa kifurushi cha bei ndogo kinachotoka nje, na mnunuzi anayejua hilo kabla ya kutaja dau hanung'uniki mlangoni kwake.

Liko jambo moja ambalo bado linanisikitisha. Wakati fulani niliamua kupeleka mizigo Dar es Salaam kwa basi ili binamu yangu aiposti huko, nikidhani ninaokoa siku. Niliandika pande zote kwamba ni kitu cha kuvunjika, nikamweleza na kijana wa mizigo, naye akaniitikia vizuri. Basi lilipoondoka niliona kupitia mlango wa buti, kabla haujafungwa, gunia la viazi limelazwa juu ya boksi langu. Sahani ilipona kwa sababu ya sponji, lakini sikurudia. Sasa nasajili kila kifurushi Posta ya hapa hapa, napewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni, na namba hiyo namtumia mnunuzi pamoja na picha za kila hatua ya ufungaji, akiona sahani ikiwa nzima kabla boksi halijafungwa.

Yule wa Hamburg nilimwandikia tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Kwenye sanduku la pili nilikuwa nimekuta nakala nyingine ya sahani ileile, yenye mkwaruzo mmoja upande wa pili, nikaona si haki kuipeleka mnadani kabla hajaambiwa. Alilipa nauli, sahani nikampa kwa nusu ya bei ya awali. Siku ya ishirini na tatu alinitumia picha: boksi limefunguliwa, sponji imepangwa pembeni, na sahani nzima ikiwa juu ya gramafoni yake, sindano imeshashuka.