Nilivyowaandaa paka na mbwa wangu kwa siku ya dharura

Wengi huanza na mkoba wa dharura. Mimi nilianza na kizimba cha kubebea, kwa sababu mkoba hata ukijaa vipi hausaidii kitu kama paka yuko uvunguni na maji yanaingia mlangoni.

Kizimba hakifai kukaa stoo. Paka anayekiona siku ya kwenda kwa daktari tu atakikimbia. Changu nilikiacha sebuleni, mlango nimeung'oa, ndani nimetandika fulana niliyoivaa bila kuifua. Chakula nilikiweka kwanza nje ya kizimba, kisha mlangoni, kisha kule nyuma kabisa. Alipozoea kula ndani akiwa ametulia, ndipo nikaurudisha mlango: nafunga sekunde chache, nafungua kabla hajaanza kulia. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakimfungulia akishalia, anajifunza kwamba kelele ndiyo inayomtoa. Mwisho nikaanza kukinyanyua na kuzunguka nacho, nimekifunika shuka jepesi, maana gizani hutulia. Kila paka awe na chake. Hata wanaolala pamoja huraruana wakiingiwa na hofu. Nunua kigumu kinachofunguka kwa juu, ili aliyegoma umteremshe makalio yakitangulia.

Mbwa hakunipa kazi: kola inayopitisha vidole viwili chini yake, mkanda wa kifuani na kamba ya akiba.

Wote wana chipu, kidude kidogo cha utambulisho, chini ya ngozi. Chipu haionyeshi mnyama alipo. Ni namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, na haina maana kama namba ya simu ya mwenye mnyama iliyosajiliwa nayo ni ya zamani. Namba ya simu niliisahihisha, kisha nikamwomba daktari wa mifugo aisome chipu kwa skana, kwa kuwa wakati mwingine husogea kutoka mabegani inapowekwa.

Maji nilikadiria mililita 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1.2, yaani lita 8.4 kwa siku 7; niliweka 10 kwa ajili ya joto. Chakula ni kilekile anachokula kila siku, maana kubadili ghafla huharisha, na kuharisha ndani ya kizimba ni balaa. Dawa za wiki mbili, vyeti vya chanjo na picha yangu nikiwa nao viko kwenye mfuko usiopitisha maji. Picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba ni wangu.

Makazi mengi ya dharura hayapokei wanyama, kwa hiyo uliza mapema.

Tahadhari ikitolewa, nafunga madirisha na milango ya vyumba kabla ya kugusa chochote, paka anaingia kizimbani, mizigo baadaye. Tukilazimika kumwacha mnyama, hafungwi kamba: maji yakipanda atazama. Na tukifika ugenini, paka hafunguliwi mpaka chumba kiwe kimefungwa pande zote.